Kingine Kimesafiri

Siku Fundi alipomwona mama yule kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ameshika kiatu kimoja cha kiume, cheusi, cha mguu wa kushoto, amekining'iniza kwa kamba zake mbali na nguo yake kama mtu aliyenasa panya.

Fundi hakuwa hata amemaliza kupanga vifaa vyake. Asubuhi ile ndiyo alikuwa amepewa ile pembe ya baraza, ubavuni mwa mlango wa gesti, mkabala na mahali yanapoegeshwa mabasi ya safari ndefu, na alikuwa bado anatafuta namna ya kukaa ambayo watu wasingemtazama sana. Alikuwa mtu wa haya. Kumsalimia mtu asiyemjua kwake ilikuwa kama kubandua soli ya zamani: unavuta na haitoki. Kwa hiyo alipoona ndala zimesimama mbele ya sanduku lake, alizitazama kwanza zile ndala, akaona kamba ya moja imeshikizwa kwa pini, ndipo akainua macho.

"Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, mama."

"Hiki kisigino kimelegea. Kitengeneze."

Fundi akakipokea, akakigeuza, akangoja. Alidhani kingine kiko mkono wa nyuma. Kilipokawia kutokea, akajikaza kisabuni.

"Na kingine, mama?"

"Kingine kimesafiri. Hiki kimesahauliwa chini ya kitanda, chumba cha mwisho kule. Mwenyewe atarudi."

"Atarudi kwa ajili ya kiatu kimoja?"

"Kwani wewe ungevaa kimoja?"

Fundi akaketi na kiatu mapajani. Alitia gundi, akagonga misumari, akakata kamba iliyochakaa na kuweka mpya. Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi nusunusu, akakipiga rangi na brashi mpaka kikang'aa. Alijiona mjinga, fundi mzima siku ya kwanza ya kazi anang'arisha kiatu kisicho na mguu. Mama alipokuja kukichukua alikitazama juu na chini, akasema, "Utakaa hapa," kama vile pembe ile ya baraza ilikuwa yake yeye na si ya mwenye gesti.

Kila mtu pale alimwita Bi Kumbuka. Alikuwa mhudumu wa gesti: alitandika vitanda, akafua mashuka, akapiga deki ukumbini, na wageni walipoondoka aliingia chumbani kuokota walichoacha. Chini ya ngazi alikuwa na kabati lake la vitu vilivyosahauliwa. Fundi alioneshwa kabati hilo siku moja ya mvua, kazi ilipokuwa imelala. Mlikuwa na chaja za simu zimesokotana kama mizizi, miwani, mikanda, soksi zilizofiwa na wenzake, funguo nyingi zilizotungwa kwenye waya, na seti ya meno ya bandia ndani ya kopo la kahawa.

"Mtu anasahauje meno?" Fundi akauliza.

"Alikunywa chai akaondoka. Njaa ilipomshika njiani ndipo alipojua."

Kiatu cheusi nacho kilikuwa humo, rafu ya juu, kimewekewa gazeti ndani kisipoteze umbo.

Meneja wa gesti, kijana wa mwenye nyumba, alisema kabati lile ni ghala la takataka na kila mwezi aliapa kulichoma. Bi Kumbuka alimjibu, "Choma, baba, ila meno uyatoe kwanza, maana mwenyewe akija na mapengo yake utazungumza naye wewe." Meneja akacheka na mwezi ukapita.

Lakini kilichompa jina hakikuwa kabati. Lilikuwa lile jambo lake la kupanga mabegi.

Mgeni akitaka kuondoka, hasa anayekwenda mbali, Bi Kumbuka alimvizia ukumbini na kumuuliza anakwenda wapi. Mtu akijibu tu, kwisha habari yake. Begi linafunguliwa, vitu vinamwagwa juu ya meza ndefu, na kazi inaanza upya. Naye alikuwa na namna yake ambayo Fundi hakuwahi kuiona kwa mtu mwingine. Alipanga begi kwa kuisimulia safari, na aliisimulia kinyume.

Fundi alikumbuka siku Bi Kumbuka alipomkamata mchuuzi mmoja wa simu, bwana mwenye maneno mengi na shati lililobana.

"Umesharudi," Bi Kumbuka akamwambia, begi likiwa tupu mbele yake.

"Nimerudi wapi tena, mama? Hata sijaondoka. Basi lile pale linanguruma."

"Acha lingurume, ndiyo kazi yake. Umesharudi nyumbani kwako. Umesimama mlangoni na mavumbi yako. Unataka nini?"

"Nataka kuingia."

"Kwa nini?"

"Kwa ufunguo, mama yangu."

"Haya, ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa. Utakaa mfukoni."

Bi Kumbuka alikwenda chini ya ngazi, akarudi na ule waya wa funguo, akautikisa mbele ya uso wa mchuuzi mpaka ukalia kama njuga. "Hizi zote zilikuwa mfukoni," akasema. Mchuuzi akatoa ufunguo. Ukafungwa ndani ya soksi, ukawekwa chini kabisa ya begi.

Kisha wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Siku ya mwisho ya safari, atavaa nini? Shati safi, likae juu ya ufunguo. Katikati ya safari nguo zimechafuka: kipande cha sabuni, kamba ya kuanikia, na mfuko wa plastiki wa kutenga chafu na safi. Kifungo kimekatika mbele ya wateja: sindano, tayari imetiwa uzi, maana mtu mwenye haraka hawezi kutunga. Usiku wa kwanza umeme umekatika: tochi, tena ikae pembeni mkono uijue bila macho. Hivyo hivyo mpaka akafika kwenye kiti cha basi, na juu kabisa ya begi ikawa karatasi ya chooni, chupa ya maji na kitambaa cha kujifunika vumbi. Zipu ikafungwa. Vitu vilikuwa vilevile alivyokuja navyo, na vichache alivyoongezewa, lakini begi lilikuwa limesinyaa nusu.

"Sasa nenda," Bi Kumbuka akasema. "Ukitaka kitu usichakure. Kitakuwa juu kinakungoja."

Mchuuzi alitoka mbio, na Fundi alimsikia akimwambia kondakta, "Nimechelewa, lakini nimesharudi salama."

Fundi aliyaona hayo kwa miaka, akiwa ameinamia viatu vya watu. Hakuzungumza mengi na Bi Kumbuka, lakini ukimya wao ulikuwa wa kupeana nafasi, si wa kununiana. Bi Kumbuka alimletea chai saa za mchana, na Fundi akamwekea viraka kwenye mikoba yake ya ngozi bandia. Ila zile ndala zenye pini hakukubali azishike. "Zikipona nitasahau kwamba ni mbovu, niende nazo mbali," alisema, na Fundi hakujua kama ni mzaha.

Mara moja tu alithubutu kumuuliza kwa nini begi lianze na kurudi. Bi Kumbuka alikuwa anakunja foronya barazani. Alikunja tatu au nne kabla ya kujibu.

"Nilipoolewa, shangazi zangu ndio walionipangia sanduku. Nguo mpya, vyombo, mafuta ya nywele, kila kitu cha kufikia. Sanduku zito mpaka vijana walilibeba kwa zamu. Ndoa ilipovunjika nilifungua lile sanduku nikatafuta kitu kimoja cha kunirudisha kwetu. Hakikuwemo. Walinipangia la kwenda tu." Akapiga foronya mikunjo itoke. "Nikafika mpaka hapa. Hapa ndipo nguvu zilipoishia, na hapa palikuwa na kazi."

Fundi akaweka nyundo chini. Akachukua msasa, akaendelea kusugua soli. Bi Kumbuka alionekana kuridhika na jibu hilo.

Fundi naye alikuwa na lake ambalo hakumwambia mtu. Mke wake alikuwa mjamzito. Mara mbili kabla ya hapo walikuwa wamefurahi, na mara mbili Fundi alizikunja peke yake nguo ndogo walizonunua, akazipandisha juu ya kabati la nyumbani, mkewe akiwa amegeukia ukuta. Safari hii walikubaliana bila kusemezana kwamba hawatanunua kitu wala kutaja jina. Walikuwa wanapita karibu na furaha kwa kunyata, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Siku moja jirani yao wa chumba cha pili alikuja barazani akihema, kiatu cha kike mkononi. Fundi alikijua kabla ya kumjua aliyekishika. Alikishona mwenyewe, cha kahawia, ukanda wa kifundoni. Cha mguu wa kulia.

"Shemeji, usishtuke," jirani akasema, na hapo Fundi akashtuka. Mkewe alikuwa ametokwa na damu asubuhi. Jirani alimpeleka zahanati, na zahanati hawakumaliza hata kumpima; gari la wagonjwa likamchukua kwenda hospitali kubwa, mji mwingine, mwendo wa saa nyingi. Muuguzi mmoja tu aliruhusiwa kupanda naye. "Walimnyanyua haraka haraka, kiatu kikadondoka. Nilikimbia nacho nyuma ya gari, hawakuniona. Na simu yake iko mezani kwenu."

Fundi alisimama. Kisha akakaa. Kisha akasimama tena, akaanza kukusanya misumari yake mmojammoja na kuitia koponi, kama vile hiyo ndiyo iliyokuwa dharura.

Ni Bi Kumbuka aliyemshika kiwiko. "Basi la mchana lipo," akasema. "Nenda nyumbani, leta begi, leta simu yake na chaja, na nguo zake. Zote utakazoona. Usichague. Kuchagua ni kazi yangu."

Aliporudi, meza ndefu ya ukumbini ilikuwa imeshapanguswa. Alimwaga alivyoleta. Hakujua alikuwa amebeba nini. Mlikuwa na nguo za mkewe, shuka, kijiko, sahani, kalenda ya ukutani, na, bila yeye kukumbuka kunyoosha mkono juu ya kabati, kifurushi cha nguo ndogo na shali ya mtoto.

Bi Kumbuka aliisogeza kalenda pembeni bila kucheka. Akafungua begi tupu.

"Mmerudi," akasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Mama, kwangu anza na kufika."

"Mmerudi. Wewe na mkeo na mtoto. Mmeshuka pale nje, jua linawaka, watu wanatazama. Mkeo amevaa nini?"

"Sijui."

"Unajua."

Lilikuwepo gauni la bluu, la maua madogo, ambalo mkewe alilipenda na aliacha kulivaa tumbo lilipokua. Bi Kumbuka akalitandaza mezani. Ndani yake akaweka shali ya mtoto, na juu ya shali akaweka kile kiatu kimoja cha kahawia.

"Hicho acha," Fundi akasema. Sauti yake ilimtoka nene kuliko alivyotaka. "Kiatu kimoja kitamsaidia nini?"

"Kingine kimesafiri naye. Kiko mguuni mwake sasa hivi."

Akavifunga vyote viwili ndani ya gauni, kifurushi kimoja, akakiweka chini kabisa. Kisha akaendelea kurudi nyuma, visivyokuwepo mezani akivitoa stoo ya gesti. Siku ya kuruhusiwa. Siku atakayoanza kutembea wodini: kandambili za plastiki, zisizoteleza. Siku atakayokula chakula cha kwanza: sahani, kijiko, kikombe chenye mkono, kwa maana mtu dhaifu hawezi kushika glasi ya moto. Beseni dogo, na ndani ya beseni sabuni na taulo. Vitambaa vya mtoto, laini, vilivyofuliwa mara nyingi. Kamba ya kuanikia na vibanio. Shuka lako wewe, Fundi, maana utalala kwenye benchi. Pini. Chaja. Juu kabisa maji, karatasi ya chooni na simu ya mkewe.

Bi Kumbuka alipokwenda uani kutafuta vibanio zaidi, Fundi alifanya jambo ambalo mikono yake ililifanya kabla ya kichwa. Aliingiza mkono ubavuni mwa begi mpaka chini, akavuta kile kifurushi, akakipeleka barazani na kukisukuma nyuma ya sanduku lake la kazi. Hakuweza kusafiri nacho. Gauni la kurudia, shali ya mtoto: aliona kama anakwenda kudai kitu ambacho mara mbili alishanyimwa, tena safari hii anakwenda na chombo cha kukibebea. Afadhali aende kama mtu asiyetarajia lolote.

Bi Kumbuka alirudi, akatia vibanio, akafunga zipu. Akalinyanyua begi kidogo kwa mkono mmoja, akaliweka chini.

"Nenda kwa kondakta umwombe kiti cha dirishani," akasema. "Ukikaa katikati watakusemesha njia nzima, na wewe nakujua. Begi nitalileta."

Fundi akaenda. Kiti cha dirishani kilipatikana. Begi lilipitishwa dirishani na Bi Kumbuka mwenyewe, akisimama kwa ncha za vidole juu ya zile ndala zake, na basi likaondoka kabla hajapata neno la kumshukuru.

Hospitali ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao na harufu ya dawa ya sakafu. Walimwambia mkewe yuko chumba cha upasuaji, angoje. Akakaa, begi mapajani, mikono imelizunguka. Alijaribu kuomba dua, lakini maneno yalikuwa yanakatika njiani, kwa hiyo akarudia kichwani yale maneno ya Bi Kumbuka, kutoka juu kwenda chini: maji, simu, pini, shuka, kamba, sabuni. Alipofika chini alikuta pengo, na kila mara pale kwenye pengo moyo wake ulidondoka.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi mnene mwenye kofia ya kijani akasoma jina la mkewe, akatazama huku na huku.

"Mume wake ni nani?"

Fundi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mbona umelikumbatia begi namna hiyo? Mtoto yuko huku kwetu."

Fundi hakuelewa.

"Nasema mtoto yuko huku. Wa kike. Mama yake amepoteza damu, ameongezewa, anapumua vizuri na ameshatukana watu wawili kwa sababu ana kiu. Una kitambaa cha kumfunikia mtoto au nikuazime?"

Fundi alifungua zipu akiwa amekaa. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya karatasi ya chooni, ambayo kwa bahati ndiyo iliyokuwa juu. Akakata kipande, akajifuta. Kisha akatia mkono, na vitambaa vikawa palepale.

Siku zilizofuata zilikwenda hivyo. Muuguzi aliomba pini, zikawepo. Mkewe aliruhusiwa uji, kikombe chenye mkono kikatoka. Vitambaa vya mtoto vikafuliwa, na kamba ikafungwa kati ya dirisha na nguzo, ikawa kamba ya wodi nzima. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walituma ndugu zao kwa Fundi kama watu wanaokwenda dukani. "Mwulizeni yule baba wa begi." Yeye aliyeshindwa kusalimia watu mjini kwake alijikuta anagawa vibanio na kuulizwa habari za asubuhi na watu asiowajua majina. Begi lilikuwa linashuka polepole, na kila kilichotoka kilitoka siku yake.

Mkewe aliutazama utaratibu huo kutoka kitandani, mtoto amelala ubavuni. "Hukulipanga wewe hili," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe ungeleta kalenda."

"Kalenda niliileta," Fundi akakiri. "Iliachwa."

Kisha daktari akapita, akasoma karatasi miguuni pa kitanda, akasema mgonjwa anaweza kurudi nyumbani. Wodi ikampongeza. Muuguzi mnene akaja kuchukua vitu vya hospitali.

"Gauni letu linabaki, mama. Nguo zako wapi?"

Mkewe akamtazama Fundi. Nguo alizokuja nazo zilikatwa kwa mkasi siku ile na kutupwa. Fundi alihisi masikio yake yanawaka. Alijua gauni liko wapi: nyuma ya sanduku la viatu, mwendo wa saa nyingi kutoka pale. Alikuwa amekataa kuamini kwamba mkewe atarudi, na sasa mkewe anarudi na hana cha kuvaa. Kwa aibu ile aliinama, akaingiza mkono kwenye begi karibu tupu, angalau apate shuka la kumfunga.

Mkono wake ukagonga kitu kigumu.

Alikivuta. Gauni la bluu la maua madogo, limefungwa fundo lilelile. Akalifungua kitandani. Shali ikakunjuka, na kiatu kimoja cha kahawia kikabingirika mpaka kwenye goti la mkewe.

Mkewe alikitazama. Akakishika. Halafu akaanza kucheka, mkono mmoja umeshika tumbo. "Usinichekeshe, wewe mwanamume, mshono. Hebu angalia chini ya kitanda, huko nyuma kabisa."

Fundi akapiga magoti. Nyuma ya mguu wa kitanda, karibu na ukuta, kilikuwepo cha mguu wa kushoto. Wafagiaji walikuwa wanakisogeza kila asubuhi na kukirudisha, na hakuna aliyekitupa. Alimvisha mkewe vyote viwili yeye mwenyewe, akafunga kanda za kifundoni, na alikaa pale sakafuni muda zaidi kuliko kazi ilivyodai, maana hakutaka wamwone usoni.

Waliposhuka kwenye basi, jua lilikuwa linawaka na watu walikuwa wanatazama, sawasawa na ilivyosimuliwa. Bi Kumbuka alikuwa mlangoni mwa gesti na fagio. Alimtazama mke wa Fundi kuanzia kichwani mpaka viatuni, akahesabu viatu, akampokea mtoto.

"Mama," Fundi akaanza, "kile kifurushi, mimi..."

"Begi nililolifunga mimi naujua uzito wake," Bi Kumbuka akasema, kisha akamgeukia mtoto. "Umefanana na baba yako, masikini. Lakini utapona."

Hakulitaja tena jambo hilo, wala Fundi. Ila tangu siku ile Fundi alianza kusalimia watu. Si wote, lakini wale waliobeba mabegi hawakumshinda.

Mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa kwenye baraza ile, akila vumbi na kuficha misumari, mwenye nyumba alipoamua kuibomoa gesti na kujenga ya ghorofa. Meneja alimwambia Bi Kumbuka kwamba ghorofa itakuwa na wahudumu wengine. Alilisema kwa kuzunguka sana, akitazama kila mahali isipokuwa usoni pake. Bi Kumbuka akamwambia asijisumbue. Kaka yake huko kwao alikuwa amempigia simu siku nyingi, chumba kipo, kinangoja. Ni kwamba hakuwahi kupata sababu ya kuondoka mpaka alipopewa hii.

Asubuhi ya kuondoka aliweka begi lake tupu juu ya meza ndefu, akakaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Haya, Fundi. Nipangie."

Fundi alikuna shingo. Mkewe alimsukuma kidogo kwa bega, mtoto mgongoni.

"Umesharudi, mama," Fundi akasema.

"Nimerudi."

"Umesimama mlangoni kwenu. Unataka nini?"

Bi Kumbuka alifikiri. Fundi hakuwahi kumwona akilijibu swali hilo, kwa kuwa siku zote alikuwa anawauliza wengine. "Sitaki kitu," akasema hatimaye, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. "Nataka kuvua viatu tu. Nimefika. Mara hii kurudi ndiyo safari yenyewe."

"Basi vya kuvua hivi hapa," Fundi akasema, akatoa chini ya meza jozi ya kubazi za ngozi, laini, alizozishona kwa siri kwa kipimo cha nyayo alizoziona mbele ya sanduku lake miaka yote ile.

Bi Kumbuka akazigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Viwili?"

"Viwili, mama."

Alichomoa pini kwenye ndala ya zamani, akaichomeka kwenye kola yake, isije ikasahaulika, akavaa kubazi. Ndala zikabaki chini ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumwona akiacha kitu gesti.

Vitu vya kabatini waligawana: chaja kwa jirani, funguo kwa fundi wa makufuli, meno kwa meneja, aliyeyapokea kwa kitambaa. Kiatu cheusi Bi Kumbuka alikibeba mwenyewe mpaka kwenye basi, na alipokwisha kukaa dirishani, begi dogo miguuni, akakipitisha nje na kumkabidhi Fundi. Kilikuwa bado kinang'aa.

Basi likanguruma. Mke wa Fundi alipunga mkono wa mtoto. Fundi alitaka kusema maneno yote aliyoyaweka miaka yote ile, na kama kawaida hayakutoka, akasimama tu na kiatu cha mtu kifuani. Bi Kumbuka aliona hivyo. Akatoa kichwa dirishani.

"Mwenyewe akija usimgombeze, Fundi. Mwambie kilikuwa tayari siku ileile."